Mashine Iliyozimika Katikati ya Kadi ya Harusi

Mimi na dada yangu tulikuwa na chumba cha kuchapa barua na kadi, nyuma ya maduka ya vitambaa ya Msimbazi. Dada ndiye aliyekianzisha, kwa taipureta moja. Alitoka Lindi kabla yangu, akasomea uhazili, akaajiriwa na kampuni ya umma mpaka kampuni ilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Taipureta ile aliipata ofisini wakati vitu vinagawanywa.

Kompyuta nilimshawishi mimi. Miaka ile ya soko huria kontena zilikuwa hazikauki Kariakoo, na humo ndani, katikati ya majokofu na baiskeli za mitumba, zilianza kutoka kompyuta zilizochoka za maofisi ya Ulaya. Yetu ilikuwa ya rangi ya maziwa, imeingia unjano pembeni, na ubavuni ilibaki stika yenye maandishi ya lugha tusiyoijua. Tuliipenda. Kwa miezi kadhaa ilitutendea haki, tukapata wateja ambao zamani walikuwa wakipita mlangoni bila kutazama ndani.

Halafu ikaanza kujizima.

Siku ya kwanza nilikuwa na mzee mmoja wa Kihindu, mwenye duka la vitambaa upande wa barabarani. Alikuwa anamwoza binti yake. Kadi za ndugu zake zilikuwa zimekwishachapwa kwa Kigujarati, lakini alitaka nyingine za Kiswahili kwa ajili ya majirani na wafanyakazi wake. Alikaa kwenye stuli kando yangu akinisomea maneno taratibu. Nilikuwa nimefika kwenye "wanayo furaha kukualika" skrini ikawa nyeusi. Boksi likakoroma, likatoa mlio mmoja, likaanza kujiwasha upya kama vile hakuna kilichotokea. Kadi haikuwepo.

"Umeme?" mzee akauliza.

Nikatazama juu. Taa ilikuwa inawaka.

"Samahani mzee, tuanze tena."

Tukaanza tena. Safari hii ilizima hata kabla ya jina la bwana harusi. Mzee akaondoa miwani, akaifuta, akasema atarudi kesho.

Nilikuwa na hakika ni virusi. Wanafunzi walikuwa wanatuletea diski zao, na Mungu ndiye ajuaye zilikopitia. Nikabandika karatasi mlangoni: diski za nje haziruhusiwi. Wanafunzi wakanuna, wakahamia kwingine, na kompyuta ikaendelea kuzima vilevile. Basi nikaipeleka Buguruni kwa fundi aliyesifiwa, akafuta kila kitu na kuweka programu upya. Kazi zetu zote zikaenda, pamoja na mitindo ya herufi niliyokuwa nimeihangaikia. Nikajipa moyo kwamba angalau sasa tuna mashine safi.

Asubuhi iliyofuata ilizima kabla sijamaliza chai.

Nikairudisha Buguruni kwa teksi, nimeipakata kwenye kanga kama mgonjwa. Fundi akaifungua, akaiwasha, akaiacha mezani ikifanya kazi huku yeye akitengeneza redio za watu. Nilikaa pale mchana kutwa nikiikodolea macho. Haikuzima hata mara moja.

"Dada, mashine yako nzima," akaniambia jioni, akirudishia mfuniko. "Labda inakuogopa wewe."

Wateja wake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilipofika Msimbazi nikaiwasha, ikatulia kidogo tu, ikazima. Nikaipiga kofi ubavuni. Kweli, nililipiga boksi la chuma kofi, na kiganja kikaniuma.

Dada akasema, "Si nilikwambia? Umeme wa jengo hili mbovu tangu tulipopanga. Kule Buguruni umeme mzuri, ndiyo maana."

Maneno yake yaliingia akilini. Tukanunua stabilaiza ya kusawazisha umeme, dubwana zito lenye mshale uliokuwa ukichezacheza. Dada akalipangusa, akaliweka chini ya meza kwa heshima. Kompyuta ikazima na stabilaiza ikiwa inawaka taa ya kijani. Tulitazamana. Kisha Dada akaivua taipureta mfuniko wake wa plastiki, akaketi, akaanza kuchapa barua ya mteja. Kila kishindo cha herufi zile kilikuwa kikinichoma. Alijua, na nadhani alikuwa anagonga kwa nguvu zaidi ya kawaida.

Mzee alirudi kama alivyoahidi, na siku nyingine tena. Mara ya mwisho hakukaa kwenye stuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Imepona?"

"Bado kidogo."

"Mama, mimi naweza kungoja. Harusi ina siku yake." Akanyoosha mkono kwa upole, nikamrudishia karatasi yake ya maneno. Akaenda nayo kwa watu wengine.

Hasira zile ndizo zilizonikalisha chini nifikiri. Dada alikuwa ametoka kwenda kula. Nikajiuliza: kule kwa fundi kulikuwa na nini ambacho hapa hakipo? Umeme tumeshautibu. Programu ni zilezile. Nikaikumbuka meza yake: redio, waya, feni kubwa iliyokuwa inampepea yeye kwa sababu ya joto, na kompyuta yangu tumbo wazi mbele ya feni hiyo. Hapa kwetu ilikuwa imefungwa, sakafuni, kwenye kona isiyo na hewa. Nikakumbuka pia kwamba ikishazima mara moja, mara ya pili huwahi zaidi, lakini tukiipumzisha muda mrefu hukaa.

Nikachukua bisibisi, nikafungua mfuniko ambao mpaka siku hiyo nilikuwa nauogopa. Katikati ya mashine kulikuwa na kifeni kidogo kisichozunguka vizuri, na chini yake, pasipoonekana kwa haraka, palipopaswa kupita hewa, palijaa kitu cheupe kilichoshikamana kama kiota. Nikakivuta kwa kucha. Kilikuwa laini.

Sufi!

Jirani yetu tuliyepakana naye ukuta, mama wa Mtwara aliyekuwa akitugawia uji kila Ijumaa, alikuwa anashona mito. Sufi yake ilikuwa ikipeperuka ukumbini mchana kutwa. Tuliikung'uta kwenye nywele, tuliitoa kwenye chai, na hatukuwahi kufikiri kwamba kompyuta nayo inavuta pumzi.

Nikaisafisha kwa brashi ya rangi, nikaipandisha mezani, nikaiwasha. Dada aliporudi akanikuta nimekaa nimeikodolea macho. Ikapita alasiri, ikapita saa ya chai ya jioni. Haikuzima.

"Tatizo lilikuwa nini?" akauliza.

Nikamwonyesha lile donge kiganjani. Akalitazama, akaitazama stabilaiza chini ya meza, akasonya msonyo mrefu sana. Kisha akatoka kwenda kwa jirani kumwomba awe anafunga mlango wake anapojaza mito. Nikamsikia yule mama akishangaa kwa sauti, "Maskini! Kumbe nimewaharibia kazi!"

Wiki iliyofuata mzee mwenyewe alituletea mwaliko wetu, kwa mikono miwili. Kadi ilikuwa imechapwa vibaya, herufi zimebanana, neno "kukualika" limekatwa vipande viwili. Nikamshukuru, nikamwambia ni nzuri. Alipotoka nikaisoma tena na tena, nikiona uchungu kwa kila mstari ambao ningeupanga vizuri zaidi.