Ini la Wifi

Mshona makochi na dada wa mumewe hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Wifi huyo alikuwa na maneno ya kukata maini. Basi homa ya ini aina ya C ilipolimaliza ini la mshona makochi, macho yakawa manjano na tumbo likajaa maji, jamaa wakapimwa nani amgawie kipande cha ini lake. Aliyefaa akawa wifi.

"Maini yako nimeyakata vya kutosha," alisema. "Sasa wanikate mimi."

Upasuaji ulikwenda salama. Kazi ikabaki kwenye dawa. Daktari alivuta kiti, akawaeleza wote wawili kwamba askari wa mwili humfukuza mgeni yeyote, hata aliyekuja kuokoa. Lazima watulizwe. Lakini virusi bado vilikuwa kwenye damu. Askari wakilala fofofo, vingelitafuna ini jipya kama vilivyolitafuna la kwanza.

Dawa kuu za kuwatuliza zilikuwa mbili, na daktari hakuficha kuwa madaktari wenyewe kwa wenyewe walikuwa bado wanabishana ipi inamfaa zaidi mwenye virusi hivyo.

"Kama ningekuwa dada yako, ungenipa ipi?" mshona makochi aliuliza.

Daktari aliandika jina la moja kwenye karatasi. "Hii inayolilinda ini zaidi, ila kwa kipimo kidogo. Inaweza kuleta kisukari, kwa hiyo tutakuchunga. Na steroidi, zile dawa nyingine za kutuliza askari, nitazipunguza taratibu. Zikizidi, virusi vinafanya sherehe."

Baada ya miezi kadhaa vipimo vya ini vikapanda, dalili kwamba ini linaumia. Huenda askari walikuwa wameamka. Huenda ni virusi. Kuongeza dawa bila kujua kungekuwa kubahatisha roho ya mtu. Wakachukua kinofu cha ini, wakakitazama kwa darubini. Ni virusi. Dawa za kutuliza askari hazikuongezwa; akaanzishiwa vidonge vya kuviua virusi, na hatimaye damu ikawa safi.

Siku ya kupigwa picha za ini waliingia pamoja. Daktari akawaonyesha kwenye skrini: kipande alichopewa mmoja kilikuwa kimekua karibu kuwa ini zima, na kilichobaki kwa mwenzake vilevile.

Nje, mshona makochi aliketi kwenye benchi, mkono chini ya mbavu.

"Inauma?" wifi aliuliza.

"Hapana. Nashangaa tu."

Wifi akaketi kando yake, naye akajishika ubavu.