Vikuba vya Watu Wengine

Maua mie sina habari nayo, na nilisema hivyo binti yetu alipotuambia kuna sherehe ya maua ya kiangazi katika mazraa moja, shamba la mtu, nje ya Ibra, huku Oman. Nani atoke kwenye kiyoyozi mwezi wa saba akatazame majani? Lakini mke wangu keshaingia chumbani kutafuta buibui. Nikimwita twende soko la Sinaw tukatazame mbuzi, na mbuzi wa Sinaw, wallahi, wanatazamika, hujibu kuna vumbi. Siku ile vumbi hakulitaja.

Tukenda baada ya alasiri, binti akiendesha.

Mwenye mazraa alikuwa mzee wa rika langu, kazaliwa Pemba, kafiwa na mke. Sikumuuliza. Alisema mwenyewe hata kahawa haijamiminwa: "Mwenzangu katangulia, sasa nazungumza na miti." Mke wangu akamtazama kwa huruma. Mie nilipasuliwa goti, huruma ile sikuiona. Na kanzu yake nyeupe, haina hata tone la udongo. Mkulima gani huyo?

Kwenye banda la kivuli asumini ilikuwa imechanua, inanukia mpaka inakera. Hapo wasichana walikuwa wakifunga vikuba vya kuwagawia wageni. Kwa asiyejua, kikuba ni kishada cha asumini, rehani na majani ya mkadi yanayonukia, mwanamke hukibana kifuani kwa ajili ya mumewe. Narudia, mumewe. Wasichana wale wamezaliwa huku, wakifunga kwa vimpira. Mke wangu akashindwa kustahamili.

"Wanangu, hivyo vikuba au mafungu ya mchicha?" Akaketi mkekani, akataka sindano na uzi.

Yule bwana akachutama karibu yake. Magoti yake mazima.

"Bibie, mikono hii ya wapi?"

"Ya Unguja, Malindi."

"Nimeijua. Marehemu mama akifunga vivi hivi, uzi anauzungusha kwa mkono wa kushoto."

Mke wangu akacheka. Miaka arubaini na zaidi nimekaa naye, sikujua kama uzi anauzungusha kwa mkono wa kushoto! Nikakohoa.

"Kwetu hafungi," nikasema. "Kaacha zamani."

"Kaacha? Shekhe, mikono kama hii inaachishwaje?"

Mke wangu hakuinua uso. "Muulize yeye."

Pale nilijitia kutazama asumini, lakini hapa nitasema. Tulipohamia Oman nilikuwa na haya. Nilitaka nionekane mtu wa hapa hapa, Kiswahili changu nakificha kama kidonda. Jioni moja jamaa zangu wa huku wamekuja, mke wangu akatokeza na kikuba chake, nikamvuta ukumbini: "Katoe manukato yako ya Kiafrika, watatucheka." Akaenda akakitoa. Hakununa, hakulia, nikadhani yamekwisha. Toka siku hiyo hakufunga chengine.

Na sasa anawafungia watu wasiomjua! Wanawake wamepanga foleni, kila mmoja akibaniwa chake, "masha Allah, mama, masha Allah." Mwisho yule bwana naye akaomba kimoja, akiweke chumbani kwa marehemu wake. Akamfungia, tena akatia waridi katikati, akampa mkononi. Mkononi! Namwonea wivu mtu aliyefiwa, mbele ya binti yangu, na meno yangu ya bandia yanagongana.

Asumini ikamalizika.

"Na changu?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Chako cha nini?" akasema. "Si utachekwa?"

Binti yetu akainamia simu.

Nikamfuata yule bwana, nikamtaka mche wa asumini. Akanichagulia kwa hamu, akanipa mzuri kupita yote, nikazidi kuchukia.

"Mwaka huu pengine hutaona ua, Shekhe."

"Nitangoja."

Ndani ya gari niliupakata.

"Wa nini huo?" mke wangu akauliza.

"Wa kikuba."

"Afunge nani?"

"Weye. Ukitaka." Nikauweka sawa mche. "Siku ile ukumbini nilikukosea."

Tumefika barabara kuu ndipo aliposema, akitazama dirishani: "Asumini peke yake haifungiki kikuba. Kwanza upatikane mkadi."

Mkadi, Ibra yote, nimeuona kwa mtu mmoja tu. Baada ya siku tatu nilirudi kwake, peke yangu, nikamwomba majani ya mkadi kama mtoto anayeomba halua. Akanikatia fungu zima, akauliza, "Bibie hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Mke wangu alikuwa kanituma nimsalimie sana. Salamu zile sikumfikishia, na mpaka leo sijamfikishia.