Propela ya Ubavuni ya Mjomba Shomari

Nakumbuka, mwanangu, siku nilipomsikia mjomba wangu Shomari akipiga kelele mbele ya watu wote wa gati la Feri kwamba hajui boti yake inakwenda wapi. Nahodha mzima, mvi zimemjaa kichwani, boti imesheheni katoni za sabuni, na yeye anasema hajui. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na bisibisi mkononi, nikitamani ardhi ipasuke niingie, ila nilikuwa juu ya maji, na maji sikuyataka. Kaa nikueleze. Ni habari ya kuchanganya, na mpaka leo kuna mahali nikifika nachanganyikiwa tena, kwa hiyo usinikatize.

Wakati huo nilikuwa msichana mwenye kazi yangu mwenyewe. Baba alikuwa ameniachia kibanda chake Gerezani, hapa hapa Kariakoo, na ufundi wake wa kusuka mota. Feni, pampu za maji, mashine za kusagia, chochote chenye koili ya shaba ndani yake kililetwa kwangu. Wateja wapya walikuwa wakifika wanamuulizia fundi, nawaambia ndiye mimi, wanachungulia nyuma ya pazia kumtafuta mwingine. Nilishazoea. Nilijifunza mapema kwamba pale Kariakoo mteja akikuuliza unaweza, unajibu ondoa shaka, hata kama kitu chenyewe hujawahi kukiona. Ukisema hujui anavuka barabara kwa jirani yako, naye jirani hajui vile vile, ila ameondoa shaka.

Sasa Mjomba Shomari. Alikuwa kaka yake mama, na alikuwa nahodha wa boti ya mama mmoja wa Kilimanjaro tuliyekuwa tukimwita Mama Aikande. Mama huyo alikuwa na duka la jumla karibu na Msimbazi, na boti yake ilikuwa inapeleka bidhaa visiwani na kurudi na nazi. Mjomba hakuwa na shida baharini. Shida yake ilikuwa kufunga boti gatini. Pua ya boti ikifika ukutani, tezi, yaani ile sehemu ya nyuma, inabaki inaelea huko nje, mkondo unaibeba, na nahodha inabidi aruke, avute kamba, asukume kwa mti, mpaka boti nzima ilale sambamba na ukuta. Kazi hiyo inataka mabega. Bega la kulia la Mjomba lilikuwa limeachia tangu alipoanguka na gunia. Alishagonga boti za watu, na wenye boti walishakwenda dukani kwa Mama Aikande kulalamika.

Mama Aikande alimwita, mimi nikiwepo. Alimwambia kwa upole kabisa: "Nahodha, mimi nakuheshimu. Lakini Ramadhani ikiingia na hali bado ni hii, nitatafuta mtu mwingine. Usinichukie."

Mjomba alisema sawa. Watoto wake bado walikuwa wanasoma, na kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuijua. Nilimwonea huruma.

Haukupita muda, Mama Aikande akaletewa boksi na shemeji yake aliyekuwa akifanya kazi melini. Ndani kulikuwa na bomba pana fupi, na katikati ya bomba propela ndogo inayozungushwa na mota ya umeme wa betri. Na kibao chenye vitufe viwili, mshale wa kushoto na mshale wa kulia. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, ila ilikuwa na michoro. Shemeji alikuwa ameeleza kwa simu kwamba kinafungwa nyuma ya boti, chini ya maji, kikiwa kimelala ubavu. Nahodha akibonyeza, kinaisukuma tezi pembeni, kamba na mti vinapumzika.

Mimi nilikigeuza kile kidude juu chini. Propela niliyoijua inasukuma boti kwenda mbele. Hii ya kwenda ubavu ilinipiga chenga. Nani ametaka kwenda ubavu? Lakini nilimtazama Mjomba, nikamwona amekikodolea macho kama mtu aliyeletewa dawa, nikasema, "Ondoa shaka, Mama. Mota ni mota."

Fundi wa fiberi, ile plastiki ngumu ya kuundia boti, alikuwa Kassimu, kijana wa Jangwani, mikono yake myepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Nilimuuliza kama ameshawahi kufunga kitu kama hicho.

"Dada Zaituni, hiyo freshi tu. Imeeleweka."

Nikamuuliza Mjomba kama ameelewa kitakavyofanya kazi.

"Nimeelewa."

Akaniuliza mimi, nami nikamjibu nimeelewa. Tukawa watu watatu tuliokwishaelewa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameelewa. Nacheka sasa, wakati ule sikucheka.

Tuliiegesha boti mchangani, maji yakapwa yakaiacha pakavu. Tulikuwa tunafanya kazi mpaka maji yanarudi, tunafunika, tunasubiri yapwe tena. Kassimu alilishikisha lile bomba nyuma, chini kabisa, kwa fiberi na gundi, akalisugua likawa laini mpaka ungedhani boti ilizaliwa nalo. Mimi nikapitisha nyaya nene mpaka kwenye betri, nikaweka fyuzi, nikaunganisha waya mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi. Nikabonyeza mshale wa kulia, propela ikazunguka. Nikabonyeza wa kushoto, ikazunguka kinyume. Tukapeana mikono. Hakuna aliyeuliza: huo mshale wa kulia unapeleka nini kulia? Pua, au tezi?

Siku ya kujaribu Mama Aikande alikuja mwenyewe Feri, na kitenge chake kizuri, amesimama kati ya wakaanga samaki na wapagazi. Boti ilikuwa na mzigo, maana hakuwa mtu wa kupoteza safari. Mjomba akaileta taratibu, ukuta ukiwa upande wetu wa kulia. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka nilipomwona mpagazi mmoja ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, anakula muhogo. Tezi yetu ilikuwa inamwendea yeye.

Mjomba alimwona pia. Alitaka tezi iende kushoto, imkwepe. Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye kizunguzungu. Boti ikiwa inakwenda mbele, ukitaka nyuma yake iende kushoto, unakata usukani kulia. Pua inakwenda kulia, nyuma inakwenda kushoto. Mikono ya Mjomba ilikuwa imefanya hivyo maisha yake yote. Kwa hiyo alibonyeza mshale wa kulia. Na kile kidude, ambacho hakikuwahi kuishi na Mjomba, kikafanya kilichoandikwa: kikaisukuma tezi kulia, moja kwa moja kwenye miguu ya mpagazi.

Kilikuwa kimebaki kitufe kimoja tu, cha kushoto. Mtu yeyote angekibonyeza. Mimi nilikuwa karibu kukibonyeza, na sikuwa na hakika hata kidogo. Mjomba aliondoa mkono kwenye kibao, akazima mashine, akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika Kigamboni:

"Toa miguu wewe! Sijui inakwenda wapi!"

Mpagazi akaivuta miguu, muhogo ukaanguka majini. Boti ikagonga ukuta, ikameguka kipande pembeni. Ndipo vicheko vikaanza. "Oya, nahodha hajui anakokwenda! Mshusheni kabla hajatupeleka Komoro!"

Mama Aikande hakucheka. Nilimwona uso umemshuka, nikajua Mjomba amekwisha. Nikaruka gatini, nikamkimbilia. "Mama, siyo yeye. Ni nyaya. Nimezigeuza kwa bahati mbaya, narekebisha sasa hivi."

Mjomba alikuwa amesimama botini, ameshika bega lake. Hakupandisha sauti.

"Zaituni, usinifunike. Nyaya hazina kosa. Mimi nilisema nimeelewa, na sijaelewa."

"Mjomba..."

"Na wewe hujaelewa. Ungegeuza hizo nyaya, kesho ningebonyeza kwa kuamini, na bado sijui kinasukuma pua au tezi. Hapo ningemvunja mtu kweli."

Kassimu alikuwa akitazama viatu vyake. Mama Aikande akaondoka bila kuaga. Nilimkasirikia Mjomba, mwanangu, nikuambie kweli. Nilikuwa nimemtupia kamba ya kujiokoa, na yeye ameikata mbele ya mwajiri wake. Nilijiuliza kama uzee umemwingia kichwani, au mimi ndiye nisiyeona kitu kilicho wazi.

Kesho yake asubuhi alikuja kibandani kwangu, akavuta stuli, akasema, "Haya, nielezee. Anza mwanzo, na mimi sitasema ndiyo mpaka iwe ndiyo." Nikaanza kueleza, nikakwama. Nikachora kwa chaki sakafuni, mchoro ukanichanganya mwenyewe. Mwishowe nikaona mkokoteni umeegeshwa nje, hauna mzigo. Nikamwomba mwenye mkokoteni atuazime, nikamwambia Mjomba apande akae kama yuko botini, mimi nikaenda nyuma. Umeshawaona wanavyoegesha mikokoteni kwenye vichochoro vya Kariakoo? Hawahangaiki na mbele. Wanasukuma mkia.

"Sema, Mjomba."

"Kulia."

Nikausukuma mkia kulia. Pua ikaelekea kushoto, kwenye duka la ndoo. Mjomba akakunja uso. "Rudia." Tukarudia. Akasema kushoto, nikasukuma kushoto. Akakosea, akaguna, akaanza upya. Mtaa mzima ulisimama kuangalia mzee aliyevaa kofia ya kudarizi akisukumwa ubavu juu ya mkokoteni, amenyoosha kidole gumba kubonyeza kitufe kisichokuwepo. Akina mama wa maandazi walituzomea. Nilijisikia aibu, halafu nikasahau kuona aibu, kwa sababu na mimi ndipo nilipoanza kuelewa nilichokifunga kwa mikono yangu.

Katikati ya yote hayo nikasikia, "Nahodha, unafanya nini?"

Alikuwa Mama Aikande. Mjomba hakushuka.

"Najifunza, Mama. Ngoja kidogo, hapa bado hapajaniingia."

Nilidhani Mama atasema maneno makali, maana alikuwa mtu wa biashara na wapita njia wengine walikuwa wateja wake. Akasema tu, "Jana jioni nilimwita mtu mwingine. Kijana, ana mabega. Nimemwonyesha kile kibao, nikamuuliza kama anakijua. Akasema anakijua sana, na kwamba niondoe shaka. Hakuniuliza swali hata moja."



"Usiku nilikuwa naiona tu ile miguu ya yule mpagazi wa muhogo," akasema. Halafu akamgeukia Mjomba. "Ukishaelewa, uniambie. Boti itakusubiri."

Mjomba alihitaji siku nyingine kadhaa za mkokoteni kabla hajasema ameelewa, na aliposema, nilimwamini. Aliendelea kuiendesha boti ile mpaka alipoamua mwenyewe kupumzika.

Sijui, mwanangu, kama kila Mama Aikande wa dunia hii angefanya vile. Wengine wangemfukuza pale pale, na hilo bado linanitatiza. Ungeniuliza kama kusema hujaelewa kutakulinda kazini, nisingekuapia. Lakini nakusihi useme. Useme mapema, kabla ya kuunganisha nyaya, na kama umechelewa, useme hata mkono ukiwa kwenye kitufe na watu wanacheka. Na mtu wako akisema hajaelewa, usimfunike kwa uongo wa huruma kama nilivyofanya mimi. Kaa naye, muanze mwanzo. Kicheko cha Feri kiliisha siku ile ile, na yule mpagazi alitembea kwa miguu yake miwili kurudi nyumbani kwake.

Mungu akupe elimu yenye faida, mwanangu. Akulinde usije ukamuumiza mtu kwa kuogopa kuonekana huna akili, akupe na watu wa kukaa nawe mpaka uelewe. Amin.