Kisasi cha Siambiwi

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kinondo, nilimharibia mtu mzima kazi yake kwa ulimi wa mbwa, na kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwa jambo hilo. Nalisema mapema ili asije mtu akanionea huruma bure. Mimi ni mtu wa kinyongo. Wengine huzaliwa na alama shavuni, mimi nilizaliwa na hicho.

Mbwa mwenyewe aliitwa Siambiwi. Nyanya, mamake mama, ndiye aliyempa jina, kwa sababu alikuwa na maneno na jirani wa upande wa kisimani, akataka kila anapomwita mbwa, jirani asikie. Mama wa mbwa huyo aliitwa Tutaonana, kwa sababu hiyo hiyo. Tulikuwa Waislamu kama kijiji kizima, na mbwa kwetu hakuingia ndani wala hakugusa chombo. Kazi yake ilikuwa shamba. Shamba lisilo na mbwa, mahindi yake ni ya nyani.

Na nyani si mjinga, jamani. Akiona suruali hukimbia. Akiona leso huendelea kuvunja mahindi huku anakutazama usoni, mshenzi yule! Nyanya alijaribu kuvaa suruali ya marehemu babu. Siku mbili walikimbia, siku ya tatu wakamzoea. Tena walikuwa na mlinzi wao, alikaa juu ya mkorosho akitazama huku na huku wenzake wakila. Siambiwi alipokuwa mdogo aliwabwekea na kuwafukuza bila faida yoyote. Kisha siku moja akaacha kubweka. Alijilaza kati ya mahindi, kimya, hata sikio halitikisiki, akangoja mpaka mlinzi naye aingiwe na tamaa ashuke kula. Hapo ndipo aliporuka. Hakuna aliyemfundisha.

Nimesikia watu wakibishana nani ana akili zaidi, nyani, mbwa au paka. Paka mnisamehe. Paka wa Nyanya alilala kitandani kama bibi harusi, na alinijua siku za samaki tu. Siambiwi alinijua siku zote. Nikitoka shule, alinipokea njia panda hata siku tulizoachiliwa mapema, na mpaka leo sijui alizijuaje.

Nilikuwa na miaka kumi nilipougua homa. Mama alikuwa akifanya kazi hotelini Diani, akija Ijumaa kwa Ijumaa, kwa hivyo aliyeniuguza ni Nyanya. Dawa ya zahanati niliitapika. Nakumbuka dari la makuti likizunguka, na sauti ya Siambiwi nje akilia. Si kubweka, kulia, ile sauti ndefu ya kupandisha. Alilia asubuhi, akalia alasiri, amekaa ameelekea mlango wetu.

Kwetu mbwa akilia ameelekea mlango, husemwa anamwona Izraili anaingia. Mbwa huona tusivyoviona. Ndiyo sababu watoto tuliambiwa tusije tukachukua tongo la jicho la mbwa tukajipaka machoni, kwani tutaona anayoyaona yeye na hatutaweza kuyaondoa.

Siku ya tano homa ilishuka. Siku ya sita nilitoka nje nikishikilia ukuta, nikamwita Siambiwi. Hakuja.

"Amekufa," Nyanya akasema, akichambua mchele. "Alikula sumu huko."

"Nani amempa?"

"Mwanaisha, mbwa hula chochote. Nenda ukapumzike."

Ati mbwa hula chochote! Siambiwi hakupokea chakula kwa mtu asiyemjua. Hata ngozi ya samaki akirushiwa na mgeni aliiacha. Basi, aliyemuua alikuwa mtu wa nyumbani. Nililia mpaka nikachoka kulia, halafu nikaapa. Nilisema, wallahi, aliyefanya hivi atalia kama ninavyolia, na sauti yake nitaisikia kwa masikio haya.

Na ushahidi nilijua pa kuupata. Nilimshika Tutaonana kichwa, nikamtoa tongo kwa ncha ya kidole, nikajipaka macho yote mawili. Yaliwasha. Nikakaa naye chini ya banda la kuni, nikingoja kuona.

Sikuona shetani wala jini. Nilichokiona ni Mjomba Bakari, ndugu wa mama, akiingia uani amebeba miiko yake ya kupikia. Na Tutaonana, aliyemjua Mjomba tangu siku anazaliwa, akasimama manyoya ya mgongo na kuanza kunguruma. Mjomba akajaribu kumwita kwa jina. Mbwa akanyoosha pua kuelekea mikono yake, akanusa, akarudi nyuma akilia.

Mimi nikasema, ewaa. Nimekuona.

Tena ilinielea haraka. Mjomba Bakari alikuwa mpishi wa harusi, hodari kupita wote kutoka Diani mpaka Msambweni, na sifa yake kubwa kuliko pilau yenyewe ilikuwa usafi. Alikuwa akiwafukuza mbwa kwa mawe wasikaribie vyombo. Nani mwingine?

Nilimngojea siku tisa. Siku ya tisa kulikuwa na harusi Galu, na asubuhi Mjomba akasugua sufuria zake kubwa kwa majivu, akazilaza uani zikauke, akaenda kuangalia mbuzi. Nikamleta Tutaonana. Hakutaka! Alikuwa amefunzwa asiguse chombo, akajivuta nyuma mpaka shingo ikamkauka. Mbwa alikuwa na adabu kunishinda. Nikaenda jikoni nikachota samli, nikaipaka ndani ya sufuria iliyo kubwa kuliko zote, na hapo akashindwa. Akalamba mpaka chini.

Chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mjomba aliporudi hakujua, akakisuuza maji mara moja, akapakia kila kitu.

Mchana wanaume walikuwa wameketi kwenye majamvi, wamekwisha nawa mikono, masinia yanateremshwa. Nikatoka kwa wanawake, nikasimama mbele yao wote.

"Msile," nikasema. "Mbwa wetu ameilamba sufuria ile kubwa. Nimemwona kwa macho yangu."

Mzee mmoja akauliza, "Bakari, ni kweli haya?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikamtazama vilevile, na nadhani nilitabasamu. Angeweza kusema mtoto huyu ni mwongo. Angeweza kusema ni mimi niliyemleta mbwa, maana nyayo zangu zilikuwa zimejaa uani. Akasema, "Sikuwepo. Siwezi kuapa."

Pilau ya mbuzi wawili ikamwagwa shimoni. Baba wa bibi harusi alilia kwa aibu. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa Mjomba kazi ya kupika, na kabla ya mwaka kwisha alihamia Mackinnon Road, kuwapikia madereva wa malori. Siku aliyoondoka nilikaa juu ya kuni nikimtazama akifunga mzigo. Raha niliyoisikia, Mungu anisamehe, bado naikumbuka ladha yake.

Miaka ikaenda, nikaolewa, nikazaa. Siku moja nilimpeleka mwanangu kwa Nyanya ana homa, nami nimechanganyikiwa. Nyanya akanipapasa bega.

"Usiogope. Mimi nimewahi kumpokonya Izraili mtoto mkononi. Wewe mwenyewe."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa kichwa cha samaki," akasema, na alisema kwa fahari. "Yule mbwa alikuwa anakuitia mauti. Nilimtilia dawa ya panya. Ulipona siku ile ile."

"Na Mjomba?"

"Bakari alinikataza. Aliniambia, 'Mama, mbwa analia kwa sababu hamwoni Mwanaisha, mwenzake.' Sikumsikia. Yeye ndiye aliyembeba akamzika, halafu akaoga mara saba. Akasema wewe usijue, usije ukanichukia."

Basi pua ya Tutaonana haikukosea. Ilinusa maiti ya mwanawe kwenye mikono ya Mjomba, ikasema hivyo, haikusema zaidi. Baada ya siku chache harufu ilipomtoka Mjomba, mbwa alimpita bila neno. Mauaji niliyaongeza mimi. Siku tisa za kungoja, na samli, na ule wakati wa masinia, hayo yote yalitaka akili ya mtu.

Siku ile nilimchukua mwanangu nikaondoka bila kumpa Nyanya mkono. Miezi mitatu nilimnyima shikamoo, mwanamke aliyenilea. Alikufa kabla sijamaliza hasira, na sitasema uongo kwamba niliimaliza kaburini.

Baada ya arubaini nilikwenda Mackinnon Road. Mjomba alikuwa na kibanda cha mabati, amezeeka, anakata vitunguu. Nikamwamkia, nikamweleza yote, ya samli na ya sufuria. Hakuacha kukata.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Samli ilikuwa kwenye leso yako."

"Nisamehe, Mjomba."

Akapakua wali na maharage, akaniwekea mbele.

"Sijakusamehe, Mwanaisha. Kila mwaka najaribu, nashindwa. Lakini umetoka mbali, na wewe ni mtoto wa dada yangu. Kula."

Nikala. Nilitaka kulia, nikajizuia, kwa sababu sikuwa na haki ya kumdai zaidi ya sahani ile. Ningekuwa mimi ndiye yeye, najijua, hata maji nisingempa mtu kama mimi.