Watano kwa Simu Moja

Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Vipeo hata mbele yake, alibakiwa na saa moja tu. Saa nne kamili mwalimu mkuu angetuma majina ya watahiniwa wa hesabu, na majina matano yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu. Kosa lao ni kutuma majibu ya jaribio la Jumamosi kwa simu moja. Udanganyifu, ndivyo mtambo wa kupokea majibu ulivyoandika, na mtambo haujui kuona haya.

Sharti lenyewe lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyesimama kwenye kikao cha walimu, kifua mbele, akasema simu moja mtahiniwa mmoja, wakampigia makofi. Mtu mwenye simu mbili mkobani hupitisha sheria kirahisi sana.

Akawaita wote watano ofisini. Wakaja roho juu. Akawauliza simu ni ya nani, na aliyejibu ni binti wa fundi cherehani.

"Simu ni ya mama, mwalimu. Pale kwetu ni hiyo tu yenye intaneti. Tulipanga foleni barazani, kila mtu na zamu yake."

"Nani aliwaambia muazimane?"

Binti yule akawatazama wenzake.

"Si wewe, mwalimu? Ulisema asiye na simu asilete visingizio, aazime."

Mwalimu akakumbuka. Kweli alisema hivyo, tena kwa kugonga meza.

"Leteni madaftari. Mbio!"

Kwa Mama Vipeo, hesabu isiyo na njia si hesabu. Hata jaribio la simu lilianzia daftarini. Akayatandaza mezani matano yote. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na kila mmoja alikuwa amekosea kivyake. Mmoja alimpa babu wa kwenye swali umri wa hasi kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza mwalimu alifurahia upuuzi wa namna hiyo. Wanaoibiana majibu hawakosei hivyo.

Akampelekea mwalimu mkuu, aliyeyapekua madaftari polepole hadi Mama Vipeo akatamani kumnyang'anya.

"Tukiwarudisha, itabidi uandike kwamba sharti lako ni bovu. Na usimamizi wa masomo ya simu nitampa mwingine. Umenielewa?"

Usimamizi ule aliuhangaikia miaka miwili. Kuupoteza kulimuuma, asikudanganye mtu.

"Nipe kalamu, mkuu."

Akaandika, akatia sahihi. Saa nne kasoro dakika mbili majina yakaenda, matano yakiwemo.

Nje watano walimrukia kwa furaha, naye akawafukuza warudi darasani huku akicheka. Binti wa fundi akabaki amesimama.

"Na wa sita, mwalimu?"

"Wa sita yupi tena?"

"Jirani yetu, yule anayekaa nyuma kabisa. Chaji iliisha kabla ya zamu yake."

Mama Vipeo akafungua daftari la alama. Wa sita hakuwa na mstari mwekundu, maana mtambo haukumwona kabisa. Alikuwa na sifuri, na pembeni, kwa mwandiko wa Mama Vipeo mwenyewe, maneno aliyoyaandika Jumapili akiwa na haraka zake: "Mzembe. Asiandikishwe."

"Alifanya maswali yote daftarini, mwalimu," binti akasema. "Nimwambie naye alete daftari?"