Opereta na Chombo cha Anga

Fundi televisheni hakuinunua ile mashine ya gemu ili acheze. Aliinunua imsaidie kazi. Enzi hizo televisheni zilikuwa na mgongo mkubwa kama kobe, na ukishatengeneza moja ilibidi usubiri jioni, kituo kianze matangazo, ndipo ujue kama picha imekaa sawa. Gemu haikungoja jioni. Unachomeka kaseti, unawasha, na papo hapo kioo kinajaa giza na nyota.

Nyota zile zilipita kutoka kulia kwenda kushoto katika mistari iliyonyooka. Zikijikunja pembeni, fundi alijua kazi bado. Upande wa kushoto kilielea chombo kidogo cheupe, na mbele yake wakaja maadui, wengine wekundu, wengine kijani, wakirusha risasi. Rangi nyekundu ikionekana kama ya machungwa, fundi alirudi kwenye mita yake. Jina halisi la gemu liliandikwa kwenye kaseti kwa herufi za nchi ya mbali ambazo hakuna mteja aliyewahi kuzisoma, kwa hiyo watu waliiita Chombo tu.

Kidogo kidogo kazi ikageuka uraibu. Fundi alikuwa na mikono ya kuchomelea waya wembamba kama unywele, lakini mbele ya Chombo mikono hiyohiyo iligeuka magogo. Hatua ya kwanza alipita, ya pili akapita, ya tatu kwa jasho. Ya nne ilimshinda. Ilikuwa pango la mawe. Njia ilibana, kuta zikasogea, na alipodhani amevuka, wakamtokea maadui wengine nyuma. Kinyozi wa duka la jirani alikuwa akimsikia akiguna, anapaza sauti kutoka kwake, "Umekufa tena? Pole, tutakuzika kesho."

Basi siku moja akaingia dada mmoja kuchukua televisheni ya mama yake. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya ubao wenye matundu mengi na taa ndogo ndogo, kifaa cha kusikilizia kimembana masikio, akichomeka waya huku na kuuchomoa kule, ili daktari aongee na maabara na wodi iongee na duka la dawa. Fundi akawasha Chombo kumwonyesha kwamba televisheni imepona.

"Hiki ni nini?" opereta akauliza.

"Ni gemu tu, dada. Naangalizia rangi."

"Nipe nijaribu."

Akafa kabla hajakaa vizuri kwenye stuli. "Wametokea wapi hawa?"

"Juu."

"Nikianza upya watatokea juu tena?"

"Kila mara. Hiyo gemu haibadiliki. Watatu juu, halafu wawili chini, halafu yule mkubwa anayezunguka. Tangu niinunue ni vilevile."

Opereta akaitazama televisheni kama mtu aliyeambiwa habari njema. "Haina bahati nasibu?"

"Haina."

"Basi anayefia hapa amejitakia," akasema, akaanza upya.

Kesho yake akarudi bila televisheni. Keshokutwa pia. Alikuja zamu yake ikiisha, bado ana alama ya kile kifaa kwenye nywele, anasalimia, anakaa. Hakucheza kama fundi, kwa kukunja uso na kubonyeza kwa hasira. Alicheza ametulia kama maji mtungini. Akifa hakulaumu pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Alisema, "Nimechelewa kupanda," kisha anarudia. Fundi aligundua kwamba mara nyingine alisogeza chombo kabla adui hajaonekana.

"Unajuaje?" akamuuliza.

"Kwani husikii? Kila kundi lina mlio wake. Wale wa juu wanaanza na kamlio kembamba. Kazini kwangu daktari wa upasuaji hajasema hata 'haloo', mimi nishamjua kwa kikohozi."

Pango likampa kazi, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama. Alikufa pangoni mpaka kinyozi akaacha utani. Alipolivuka, fundi ndiye aliyepiga kelele. Opereta alivuta pumzi tu na kusonga mbele.

Siku alipoimaliza gemu yote, fundi hakuwepo. Alikuwa juu ya paa la mteja anafunga antena. Aliporudi alikuta mlango wa duka lake umezibwa na watu, kinyozi na mkasi mkononi, mteja wake nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, wote wanapiga makofi. Opereta alikuwa ameshazima.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kuna nini mwisho?"

Opereta akacheka. "Nikikuambia utaacha kucheza. Ukiacha kucheza, mimi nitakuwa nakuja hapa kufanya nini?"

Kinyozi akajikohoza, akasema ana mteja, akaondoa watu wote mlangoni. Fundi hakuwa mwepesi wa mambo hayo, lakini hilo alilielewa.

Walioana. Mama yake fundi alipoambiwa mkwe wake anasifika kwa lipi, alishika kiuno. "Mwanangu, wenzio wanaoa wanaojua kupika, wewe umeoa anayejua kupiga risasi?" Baadaye ndiye aliyekuwa akimwambia kila mgeni, "Huyo mkwe wangu, hakuna kinachompita."

Na kweli hakikumpita. Hospitali ilipong'oa ule ubao wa matundu na kuleta mashine inayounganisha simu yenyewe, wenzake walilia. Yeye aliomba meza ya mapokezi, akapewa, na baada ya muda mfupi wagonjwa wakawa wanamuulizia yeye kwanza kabla ya daktari. Walimzaa binti mmoja. Fundi alihamishia duka katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na Chombo kikahamia humo. Kila alipopata nafasi mkewe alikaa akacheza mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepita mtaa aliokulia. Alimwita mumewe "Fundi" hata mbele ya watoto wa watu. Fundi alimwita "Opereta" hata alipostaafu. Na fundi, kwa ubishi wake, alikataa katakata kuutazama ule mwisho akiwa mtazamaji. Mkewe akikaribia hatua ya mwisho, yeye alitoka nje. "Nitauona kwa mkono wangu," alisema. Miaka ikapita, mkono haukufika.

Macho yalianza kumwondoka opereta pembeni, taratibu kama mtu anayekunja mkeka. Kwanza aligonga bega mlangoni. Halafu akawa anamwaga chai kando ya kikombe. Alidhani ni uzee, akanyamaza. Walipofika kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alimpima kwa muda mrefu kisha akamshika mkono.

"Mama, ni presha ya macho. Lililokwenda halirudi, sitakudanganya. Tutapigania lililobaki."

Walipigania. Matone, kisu, matone tena. Mwishowe lililobaki nalo likaenda.

Fundi alimpenda mkewe kwa namna iliyozidi kipimo. Alimbeba kama yai. Alimkatia mkate, alimvalisha viatu, aliondoa viti vyote njiani, na akiinuka tu, fundi alikuwa ameshamshika kiwiko. Opereta akazidi kunyamaza. Alikaa jikoni tangu asubuhi, mikono mapajani. Mwanamke aliyekuwa akijua watu kwa vikohozi vyao akawa hajibu hata salamu. Binti yao, mwalimu katika mji mwingine, alipopiga simu aliambiwa, "Mama amelala," naye alijua hajalala.

Siku moja opereta alilipuka. "Fundi, nimekuwa kipofu, sijawa maiti! Viti vyangu umevipeleka wapi? Nilikuwa najua nyumba hii, sasa siijui, kwa sababu kila siku unahamisha vitu!"

 Fundi akatoka, akavirudisha viti, kimoja baada ya kingine, pale pale vilipokuwa zamani.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anamalizia televisheni ya mzee mmoja, miongoni mwa zile chache za mgongo wa kobe zilizobaki. Bila kuwaza akachomeka Chombo aangalie mistari. Muziki ukaanza. Akashika pedi, akasogea, na alikuwa katikati ya hatua ya pili sauti ilipotoka jikoni.

"Umechelewa! Panda!"

Hakupanda. Akafa.

Akasikia kiti kikisukumwa. Akasikia kiganja kikiteleza ukutani, polepole, kikihesabu mlango, kabati, mlango. Alijizuia kwa nguvu zote asiende kumshika. Opereta akaingia mwenyewe, akapapasa stuli, akaketi.

"Anza tena," akasema. "Na mara hii unisikilize."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Yeye hakushika pedi. Alisema mikono imezoea kufuata macho na hataki kujidanganya. Aliinamisha kichwa upande wa spika, akaongea. "Chini. Ngoja. Sasa piga. Rudi nyuma, yule mkubwa anakuja. Usimfuate, Fundi, mwache apite!" Gemu yote ilikuwa ndani ya kichwa chake, kila jiwe, kila kundi, na muziki ulimwambia wamefika wapi. Fundi alikuwa na macho yasiyojua, mkewe alikuwa anajua bila macho.

Usidhani palikuwa na amani. Waligombana hatari.

"Nimekuambia juu!"

"Nimekwenda juu!"

"Ungekwenda juu tungekuwa hai!"

Jirani mmoja alikuja kusuluhisha, akidhani ndoa inavunjika, akakuta wazee wawili wenye mvi wamekasirikiana kwa ajili ya chombo kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele. Alirudi kwake akicheka. Siku iliyofuata alikuja tena, safari hii kutazama.

Pangoni walikaa muda mrefu. Hapo ndipo fundi alipomwona mkewe upya. Akiwa kijana alidhani mkewe ana kipaji, kwamba mikono yake ilizaliwa myepesi. Sasa akimsikiliza alielewa kwamba kila kona ya pango lile aliinunua kwa kufa. "Hapa nilikufa sana," alimwambia, kama mtu anayeonyesha kovu. "Nikajua kuna kinafasi chini ya jiwe la tatu. Kidogo. Kaa hapo usitikisike, watapita wote." Fundi akakaa. Wakapita wote. Nyota zikarudi kiooni, na yule mtu mzima akajikuta anapangusa macho kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Jikoni nako mambo yakageuka. Opereta akaanza kupika tena, akimfukuza mumewe kwa mwiko. Simu ya binti ikilia, yeye ndiye aliyewahi kuipokea.

Binti alikuja kuwasalimu wakati wa likizo, akakuta baba yake anatokwa jasho mbele ya adui wa mwisho, dude lililojaza nusu ya kioo, na mama yake ameinua kidole kimoja hewani.

"Shikamoo mama, shikamoo ba..."

"Marahaba, nyamaza!" wote wawili wakajibu.

"Muziki ukikatika, hama," opereta alikuwa akisema. "Ukikatika tu, usifikiri. Bado... bado... hama!"

Fundi akahama. Mstari mpana wa moto ukapita alipokuwa. Akapiga, akapiga, dude likapasuka vipande, na televisheni ikawa nyeupe yote.

Kisha nyota zikaonekana tena. Fundi akakodoa macho. Kitu hakikuwa sawa, akadhani kioo kimeharibika, kwa maana nyota zilikuwa zinakwenda kulia.

"Unaona nini, Fundi?" opereta akauliza kwa upole.

"Chombo kimegeuka. Kinarudi."

"Endelea."

"Kinapita... hili ni pango. Ni pango, Opereta! Lakini hamna mtu. Halina risasi. Kimya."  Chombo kilirudi njia yote kiliyojia, hatua baada ya hatua, kila mahali palipomuua pakiwa patulivu kama uwanja baada ya soko. "Kinakwenda nyumbani," akasema.

"Na upande wa chini, ile sayari ya bluu, umeiona? Inapita upesi."

Alikuwa hajaiona. Akaiona alipoambiwa.

Binti alisimama mlangoni na mkoba bado begani. Hakuwa amesikia mama yake akiongea vile tangu macho yaondoke. Jioni hiyo alimpigia daktari wa macho, akamsimulia yote.

Daktari aliwaza siku chache, kisha akaja na ombi. Pale kliniki walikuwepo watu waliopoteza macho karibuni, wamejifungia majumbani. Dawa yake yeye ilikuwa imefika mwisho. Je, mama angekubali kukaa nao?

"Niwaambie nini?" opereta akauliza.

"Sijui. Wewe ndiye umefika huko. Mimi sijafika."

Alikubali. Siku ya kwanza walimpa mzee mmoja, seremala mstaafu, mkali kama pilipili, aliyekuwa amekataa hata kunawa uso mwenyewe. Fundi alimsindikiza mkewe hadi mlangoni, akaambiwa asubiri nje, akakaa kwenye benchi la korido. Kwa muda hakusikia chochote. Halafu akasikia maji yakimiminwa, chuma kikigonga chuma, na sauti ya mzee ikinguruma, "Mama, utaniunguza!"

"Nani akuunguze? Birika unalo wewe. Kidole ndani ya kikombe, ukisikia moto, acha kumimina."

"Aaa! Moto!"

"Si ndiyo maana yake kimejaa!"

 Halafu vicheko, kimoja kizito cha mzee kilichotoka kwa taabu kama mlango uliofungwa miaka, na kingine ambacho fundi alikifahamu vizuri. Muuguzi aliyekuwa anapita akasimama. "Ni nani huyo mle ndani?"

"Ni mke wangu," akasema fundi, akajisogeza kwenye benchi kumpisha akae naye asikilize.