Kofi la Mwanaisha Kwenye Kinu

Asubuhi ile Mwanaisha alikuwa uani kwao Mnyuzi, akitwanga makopa ya muhogo apate unga wa ugali wa bada. Mumewe, Mzee Mhina, alikaa kwenye kigoda akinoa jembe. Hawakusemezana. Miaka arobaini na minne ya ndoa, mengi yalishasemwa.

Mwanaisha alitwanga kama alivyotwanga tangu usichana wake. Anaurusha mchi juu, anapiga kofi moja, pa, kisha anaudaka kwa mkono wa pili. Mchi hauanguki. Binti yao Maryamu, aliyekuja kutoka Kabuku kuwajulia hali, akatoa simu akampiga video. Akauliza, "Mama, kofi la nini?" Mama akamjibu, wakacheka. Mhina akaendelea na jembe lake.

Siku ya tatu presha ilimwangusha Mwanaisha. Hakuinuka tena.

Ikabaki ile video. Picha nyingine ilikuwa ya kitambulisho tu, na humo kakunja uso kama aliyelamba mwarobaini. Si yeye.

Mwezi wa tano wa msiba, televisheni ikatangaza inatafuta video za mapishi ya kwetu. Maryamu akapeleka ya mama yake. Wakaipenda, kisha wakairudisha. Mwendo wa picha zake haulingani na wa kwao, walisema. Itengenezwe, iwafikie kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Maryamu alikuwa anauguza mgonjwa huko Kabuku. Akaitia video kwenye flashi, akampa baba yake. Mhina akaifunga kwenye leso, akaenda Korogwe kwa Yusta, fundi wa video za harusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wanasema mwendo wake haufai. Mke wangu alitembea vizuri."

Yusta akacheka, kisha akaona mzee hacheki. "Siyo yeye, babu. Video ni picha zilizosimama, zinapita mbiombio. Simu imepiga thelathini kila sekunde, televisheni inapokea ishirini na tano. Natoa moja katika kila sita, kazi imekwisha."

Akatoa. Mhina akatazama.

"Kofi liko wapi?"

"Si umelisikia?"

"Nimelisikia. Sijaliona."

Yusta akairudisha, akaipitisha picha moja moja. Mikono iko mbali. Picha inayofuata, mikono imeshaachana. Ile ya viganja kukutana ndiyo ilikuwa ya sita. Mashine imeitupa.

"Haki ya Mungu, babu! Mtu mwingine hawezi kuona hiki kitu."

"Mimi siyo mtu mwingine."

Hiyo Jumanne. Jumatano akarudi. Yusta alikuwa amezichanganya picha badala ya kuzitoa. Mwanaisha akaonekana ana mikono minne, miwili ya nyama, miwili ya moshi.

"Huyu jini," Mhina akasema.

Yusta akaipunguza kasi video nzima ili picha zote zibaki. Mchi ukashuka kama unazama kwenye uji, na sauti ya Mwanaisha ikawa nzito.

"Na huyu ni jirani yangu Gregori."

"Sauti naweza kuirekebisha, babu."

"Na mwendo?"

"Mwendo ndiyo huo."

"Mwanaisha hakuwa mvivu."

Yusta akasukuma kiti nyuma. "Babu, nina harusi tatu zinanisubiri, na maharusi wote wazima! Chukua ile ya jana."

Neno lilimtoka, akaona haya. Mhina akafunga leso yake, akaondoka bila kuaga. Nyumbani chakula kilimkataa. Mikono iliyomlisha miaka yote hiyo, leo ipishane hewani mbele ya watu, na sauti iseme imekutana. Uongo gani huo?

Alhamisi Yusta alimkuta mlangoni, duka halijafunguliwa.

"Ukichambua makopa," Mhina akamwuliza, salamu hakuna, "unatupa kila la sita?"

"Natupa lililooza."

"Basi."

Yusta akasimama na funguo mkononi. "Mashine ndiyo inayohesabu, babu."

"Mashine haijala bada."

Wakaingia. Pale kwenye kofi, Yusta akachagua kwa mkono wake. Akaitoa picha ya mchi ukiwa peke yake juu, viganja akaviacha. Ilikwenda zimebaki dakika tisa.

Ijumaa walikusanyika kwa Gregori kutazama televisheni.

"Mhina, mkeo kaingia kwenye televisheni kabla yako!" Gregori akamtania. "Hata mimi ningemchagua yeye."

"Wewe tayari sauti umeiba," Mhina akasema. Hakuna aliyemwelewa.

Mwanaisha akatokea. Mchi ukapanda. Viganja vikakutana, pa, vikaonekana. Mhina akashusha pumzi. Maryamu akasikika akiuliza, Mwanaisha akafungua kinywa, na papo hapo sauti ya mtangazaji ikaingia juu ya yake: hivi ndivyo makopa yanavyotwangwa, mpenzi mtazamaji, chakula chenye asili yake... Midomo ya Mwanaisha ikacheza, ikafunga, akacheka. Likaja tangazo la sabuni.

Siku tatu amehangaikia mikono, kinywa kimechukuliwa bure.

"Kasemaje pale?" Bernadina, mke wa Gregori, akauliza.

"Zima hiyo," Mhina akasema.

Gregori akazima. Mhina akawaambia, neno kwa neno, kama Mwanaisha alivyosema:

"Hii mikono kutwa inapishana kwenye mchi, mwanangu. Acha isalimiane."